Jiko Lenye Mlango wa Nyuma

Ufunguo tuliuacha hewani, msomaji wangu. Ramson dalali alikuwa anaunyoosha, Epifania ameshafungua kiganja, na ile nyumba ndogo jirani na bustani ya wanyama ya Luhira ilikuwa imebakiza pumzi moja tu iwe yao kwa likizo nzima. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka mlangoni:

"Rudisha mfukoni, baba. Mimi bado sijaiona."

Alikuwa Mama Dennis. Mama Dennis yule yule ambaye kila mtu alijua yuko Tukuyu, anakunja kanga zake taratibu, anakuja Songea Jumamosi. Hii ilikuwa Jumatano. Na alikuwa amesimama pale na koti la baridi, kikapu cha ndizi mbichi mkononi, akimwangalia mkwe wake mtarajiwa kuanzia viatu kwenda juu.

"Shikamoo mama," Epifania alisema, na goti likashuka lenyewe.

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mwembamba." Akamgeukia mwanawe. "Si ulisema anapika? Mbona mwembamba?"

Dennis alikohoa. "Mama, ulisema Jumamosi."

"Nilisema. Kisha ukanitumia picha za hizi nyumba. Umepiga picha dari, umepiga picha maua, umepiga picha televisheni. Jiko hukupiga. Nikajisemea, huyu mtoto anataka kunilaza mahali pa kula chipsi wiki nzima. Nikapanda basi. Hapo stendi nimemwonyesha bodaboda picha ya maua, kanileta moja kwa moja. Songea yenyewe siyo kubwa kama mnavyoisifia."

Akampita Epifania, akampita Ramson, akaingia jikoni.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita jirani alilifungia maandazi, nakudokeza haraka. Epifania ni mwalimu wa udereva. Hakuna klachi asiyoielewa wala mwanafunzi aliyemshinda. Dennis, afisa nyuki aliyehamishiwa Songea, alijifunzia gari mikononi mwake, akapata leseni, kisha akapata malaria. Epifania akamjulia hali na hotpoti ya supu. Dennis alikunywa supu ile mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo zikafuata pilau, samaki wa nazi, kisamvu cha karanga, na mwishowe pete.

Tatizo ni moja. Epifania hajui kupika. Kila kijiko Dennis alichotia kinywani kilipikwa na Zabibu, jirani wa Epifania huko mtaa wa Lizaboni, mama wa Kitunduru ambaye pilau yake inawatoa watu msikitini na kanisani kwa pamoja.

Sasa Mama Dennis alikuwa amesema hataki hoteli. Anataka nyumba yenye jiko, wajipikie, amjue mkwe wake. Na kwa kazi hiyo Epifania alihitaji kitu kimoja tu katika nyumba: jiko lenye mlango wa nyuma, ili hotpoti za Zabibu ziingie bila kupita sebuleni.

"Na huu mlango?" sauti ya Mama Dennis ilitokea jikoni.

"Unatokea uchochoroni, mama mkubwa," Ramson alijibu kwa bashasha ya kidalali. "Dada hapa ndio kaupenda kuliko vyote. Nyumba nzima hakuangalia kitu kingine. Kaufungua kaufunga, kaufungua kaufunga."

Epifania alitamani kumshona mdomo kwa sindano ya gunia.

"Umeupendea nini, mwanangu?"

"Hewa, mama."

"Dirisha lipo."

"Moshi."

"Jiko la gesi hili."

"Kutolea takataka."

Mama Dennis aliufungua mlango, akachungulia uchochoroni, akaufunga. "Takataka za watu watatu zinahitaji mlango wake? Hapana. Hapa kuku wataingia na vyombo vitatoka. Baba, twende nyingine."

Ufunguo ukarudi mfukoni. Epifania aliusikia ukitua, kling, na moyo wake ukatua nao.

* * *

Walipanda gari la Epifania, lile la chuo, lenye herufi L kubwa mbele na nyuma. Dennis na Ramson walikaa nyuma wakibanana na kikapu. Mama Dennis akakaa mbele kushoto, kama heshima inavyotaka.

Hakuna aliyekumbuka kwamba upande ule una breki ya mwalimu.

"Dennis anasema supu yako ya kuku wa kienyeji haina mfano," Mama Dennis alianza, akinyoosha miguu. "Unaiwekea nini?"

"Maji," alisema Epifania.

Gari lilisimama ghafla katikati ya barabara. Ramson alijikuta amekumbatia kiti cha mbele.

"Samahani, mama, hapo miguuni kuna breki. Usikanyage."

"Gari gani lina breki kila mahali? Haya. Maji, na nini tena?"

"Na kuku."

Gari likasimama tena. Bodaboda aliyekuwa nyuma alipiga honi na kutukana mpaka alipoiona ile L, akasamehe.

"Na pilau? Bizari nzima unaitia kabla ya nyama au baada?"

Epifania aliikaza mikono kwenye usukani. Katika kazi yake amewahi kushuka mteremko wa Matogoro na mwanafunzi aliyefumba macho. Siku ile ilikuwa nafuu.

"Inategemea," alisema.

"Inategemea nini?"

"Inategemea... wageni."

Lau angetazama kwenye kioo, angemwona Dennis ameuma midomo, anaangalia nje dirishani kama mtu anayehesabu miti. Lakini Epifania alikuwa anaangalia barabara, kama alivyofundishwa.

* * *

Nyumba ya pili ilikuwa imeegemea kabisa uzio wa bustani. Ramson aliifungua kwa majigambo. Unakunywa chai barazani, alisema, huku pundamilia anakuangalia. Jiko lilikuwa nje, la kuni, lenye paa la nyasi na kuta za mianzi zinazopitisha upepo.

"Hili ndilo jiko," Mama Dennis alisema. Uso wake ulilainika kwa mara ya kwanza. Aliweka kikapu juu ya kinu kilichopinduliwa. "Hapa mbalaga itaiva. Ndizi, maharage, nyama ndani, moto wa polepole. Mwanangu, unaijua mbalaga?"

Epifania alikuwa anapima zile kuta za mianzi kwa macho. Upande wa nyuma kulikuwa na pengo la kutosha hotpoti. Matumaini yalianza kurudi.

"Nitajifunza, mama."

"Hapo umesema neno zuri."

Neno zuri halikudumu. Kitu cha kijivu kilishuka kutoka kwenye paa la nyasi, kikakaa juu ya kinu, kikachagua ndizi kwa utulivu wa mnunuzi wa sokoni. Alikuwa ngedere, na nyuma yake walikuja jamaa zake.

"Mwizi!" Mama Dennis alipiga kelele, akavua kiatu.

Alimkimbiza ngedere yule kuzunguka jiko, kiatu juu, koti likipepea. Dennis alimkimbilia mama yake. Ramson alimkimbilia Dennis. Ngedere mkubwa alikaa juu ya uzio akimenya ndizi aliyoikuta ni mbichi, akaionja, akamtupia Ramson kwa hasira, ikampata begani.

Epifania alicheka. Hakukusudia. Kilimtoka kicheko kirefu, akajishika mbavu. Na Mama Dennis, akihema, kiatu mkononi, alimtazama kwa ukali, kisha naye akaanza kucheka, mpaka wakashikana mabega.

"Mwe!" Mama Dennis alifuta macho. "Hawa wenyewe ndio wangekula likizo yangu. Hapana. Twende nyingine."

Epifania alisikitika kidogo kuiacha nyumba ile. Chakula kikipungua, angalau kulikuwa na wa kusingiziwa.

* * *

Nyumba ya tatu ilikuwa mpya, mlangoni bado inanukia rangi. Madirisha mapana yaliitazama milima ya Matogoro, makochi yalikuwa ya kuzamia. Na jiko? Epifania alilitafuta ukuta kwa ukuta. Halikuwa na ukuta. Lilikuwa palepale sebuleni, limetengwa na meza ndefu ya marumaru.

"Jiko la wazi," Ramson alisema. "La kisasa. Mpishi anapika huku anapiga stori na wageni."

"Mlango wa nyuma uko wapi?" Epifania aliuliza.

"Hauna, dada. Usalama asilimia mia."

Mama Dennis alizama kwenye kochi, akavua viatu vyote viwili. "Hii," alisema. "Nitakaa hapa, miguu juu, namwangalia mkwe wangu anapika kama naangalia tamthilia. Baba, usitoe ufunguo kwanza. Mimi sichukui nyumba ambayo jiko lake halijawashwa. Epifania, ndizi hizo hapo, kisu hicho hapo. Tujaribu."

Simu ya Epifania ilitetemeka mfukoni. Ujumbe wa Zabibu: *Wamechukua ya uchochoroni? Nimeshaloweka mchele.*

Aliiweka simu chini, akachukua ndizi.

Ndizi mbichi ya kupika, msomaji, humenywa kwa kisu, na mikono imepakwa mafuta kwa sababu ya utomvu. Epifania aliishika shingo akaivunja kama mtu anayetaka kula ndizi mbivu safarini. Haikuvunjika. Akaipinda. Akaibana mapajani. Akaivuta kwa nguvu alizozoea kuvutia breki ya mkono, ndizi ikachomoka, ikapaa juu ya marumaru na kutua miguuni kwa Mama Dennis.

"Dennis," Mama Dennis alisema polepole, "nendeni na huyu baba mkaangalie tangi la maji."

"Tangi limejaa, mama mkubwa," alisema Ramson.

"Nendeni mkaangalie linavyojaa."

Walitoka. Epifania alibaki na mikono iliyoanza kuwa myeusi kwa utomvu. Mama Dennis aliokota ndizi, akaja akasimama ng'ambo ya meza.

"Hujui kupika."

"Sijui, mama. Chai najua."

"Mama yako hakukufundisha?"

"Sikumfahamu. Nimelelewa na baba, alikuwa dereva wa malori. Songea, Tunduru, Masasi, kurudi. Tulikula popote gari lilipolala. Usukani nilianza kuushika sijafika kwenye pedeli. Jiko halikuwepo." Alisugua utomvu, ukazidi kusambaa. "Supu ile ilikuwa ya jirani yangu. Na pilau. Na kila kitu."

"Mwanangu umemwambia?"

"Alivyoinywa ile supu alilia, mama. Akasema hajawahi kupendwa na supu. Nikaogopa. Tangu hapo sijui kama kanipenda mimi au kapenda sufuria, na nikimwambia nitajua. Nilikuwa sitaki kujua."

Mabega ya Mama Dennis yakaanza kutikisika. Epifania alidhani analia. Hapana. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka akashika marumaru asianguke.

"Alilia? Dennis alilia kwa supu?" Alijifuta kwa pembe ya kanga. "Binti yangu, mimi nimezaa wavulana watupu. Huyo wa kwanza ndiye aliyekuwa mkono wangu wa jikoni. Msiba wa baba yake, kijiji kizima kilikula mapishi ya Dennis. Akina mama wa kanisani walikuwa wanakuja kumwazima wakiwa na harusi!"

Epifania alimkumbuka Dennis amesimama mbele ya jiko la mafuta chumbani kwake, anauliza kiberiti kinawashiwa upande gani. Dennis anauliza kama chumvi huwekwa maji yakiwa ya baridi au ya moto. Dennis anasema, kwa macho ya kondoo, kwamba bila yeye angekufa njaa.

Mlango ukafunguliwa. "Tangi limejaa," alisema Dennis. Kisha akaiona sura ya Epifania, akasimama.

"Dennis," Epifania alisema. "Menya ndizi."

Dennis alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa ameshajirudisha kwenye kochi, miguu juu, amekunja mikono. Jiko la wazi lina faida zake.

Dennis alikuja taratibu. Alipaka mafuta viganjani. Akachukua kisu, akakata ncha huku na huku, akachana ganda kwa mstari mmoja, na ndizi ikatoka ndani ya ganda lake nzima, nyeupe, kama mtu anayevua koti. Akamenya nyingine. Akamenya ya tatu. Mikono yake ilikuwa hodari mno, hata Ramson mlangoni alisema, "Duh."

"Ulijua tangu lini?" Epifania aliuliza.

"Siku ya pili. Kifuniko cha hotpoti kilikuwa kimeandikwa Zabibu kwa rangi ya kucha."

"Na ukanyamaza!"

"Epi, leseni nilikuwa nimeshapata. Malaria ilikuwa imepona. Ningekwambia najua kupika, kesho yake ungekuja na sababu gani? Mimi sikuwa nasubiri pilau. Nilikuwa nasubiri mlango ugongwe."

Lilikuwa neno tamu, na wiki nyingine lingemyeyusha. Lakini Epifania alikuwa anakumbuka mambo mengine.

"Mimi, gari la chuo likishafungiwa, nimepanda bodaboda na sufuria la moto mapajani," alisema, na sauti ilianza kupanda. "Mvua inanyesha, barabara ina mashimo, mchuzi unanimwagikia, nimeng'ang'ania kifuniko kama mtoto mchanga! Hili kovu la mkononi unalionaga kila siku, ukaniuliza nimeungulia wapi, nikakwambia jikoni. Na ulijua! Nimeshindwa kulala nikifikiria mama yako anakuja. Nimezunguka Songea nzima natafuta mlango wa nyuma!"

Alichukua funguo za gari. Akatoka.

"Epi!" Dennis aliita.

Mlango wa gari ulibamizwa kwa nguvu. Injini ikawaka. Ramson alirudi nyuma hatua kadhaa, maana madalali wanajua wakati biashara inapoondoka.

Epifania alikaa nyuma ya usukani, gia ameshaingiza, mguu juu ya klachi. Barabara ya kurudi mjini ilikuwa mbele yake, tupu. Kuachia klachi ni jambo dogo; amewafundisha watu wasio na idadi. Lakini mguu haukuachia.

Kupitia kioo alimwona Dennis anakuja mbio, mikono imeng'aa mafuta, kisu bado amekishika, amesahau hata kukiweka. Akafika mbele ya gari akasimama pale, hajui afanye nini na mikono yake.

Muda wote ule Epifania alikuwa anaogopa kwamba mwanaume huyu amependa sufuria. Na sufuria lilikuwa limeandikwa jina la mtu mwingine. Na bado jioni zote Dennis alifungua mlango kabla yeye hajagonga mara ya pili.

Alizima injini. Akashusha kioo.

"Weka kisu chini, watu watafikiri tunauana."

Dennis alikiweka chini, kwenye majani.

"Utapika wiki nzima," Epifania alisema. "Asubuhi, mchana, jioni. Mimi na mama tutakwenda kuangalia pundamilia."

"Sawa."

"Usiku vyombo ni vyako."

"Sawa."

"Na Zabibu utampikia pilau, umpelekee Lizaboni wewe mwenyewe. Kwa bodaboda. Sufuria mapajani."

"Mapajani," Dennis alikubali.

"Na hutanidanganya tena mpaka tuzeeke. Hata kwa nia njema."

"Na wewe?"

Epifania alifikiri. "Na mimi," alisema, na hapo ndipo alipotabasamu, kidogo tu, upande mmoja.

Waliporudi ndani, Mama Dennis hakuwa amesogea. "Hii ndiyo nyumba," alitangaza. "Nimecheka humu kuliko nilivyocheka tangu mwaka uanze. Baba, toa ufunguo." Kisha akamvuta Epifania karibu na kumnong'oneza, "Nimesimama jikoni tangu nikiwa binti. Ulidhani nimesafiri siku nzima kuja kula? Nimekuja kukaa."

Epifania alimshika mkono, na utomvu wake mweusi ukamwachia mama mkwe alama za vidole. Hakuna aliyejali.

Ramson aliunyoosha ufunguo. Safari hii ulitua kweli kwenye kiganja cha Epifania, na alikuwa anaufumbata wakati pikipiki iliposimama nje.

"Ah, bahati yenu," Ramson alisema, akichungulia dirishani. "Mwenye nyumba mwenyewe kaja. Mzee mpole sana huyo, kastaafu Mbeya huko, kaja kujenga kwao. Ngoja niwatambulishe."

Nje, mtu alianza kupiga mluzi. Ulikuwa mluzi wa wimbo wa zamani wa dansi, wa polepole, na mpigaji alikuwa anaurudia kipande kimoja tu, kana kwamba ndicho pekee alichokipenda.

Epifania aliuhisi mkono wa Mama Dennis ukiwa wa baridi ndani ya mkono wake.

"Mama?"

Yule mwanamke aliyekimbiza ngedere kwa kiatu, aliyeingia Songea bila kumwogopa mtu, aliruka kutoka kwenye kochi peku, akazunguka meza ya marumaru na kuchuchumaa nyuma ya friji.

"Mama, una nini?" Dennis aliuliza, ameshika ndizi.

"Shhh! Jina lake nani huyo?"

"Mzee Hironimus," alisema Ramson, amechanganyikiwa.

Kutoka nyuma ya friji ilisikika pumzi ndefu. Mluzi ulikuwa umefika barazani. Miguu ikajifuta kwenye zulia la mlangoni, taratibu, kiungwana.

"Epifania," Mama Dennis alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya msichana kabisa, "kafungue wewe. Akiuliza, mwambie hakuna Recho humu ndani. Na mwambie hata kama yupo, hajaolewa tena."